Msiwacheke Wapenzi wa Barnabas

Kuna namna ya kupenda ambayo wasomi wameipa heshima: kupenda huku unacheka. Mtu anatazama tamthilia ya wachawi na mizimu usiku kucha, anazijua koo zote na laana zake, halafu akiulizwa anajitetea kwamba anaitazama kwa sababu ni mbovu. Mimi nasema huo ni woga wa kuonekana mshamba.

Tuchukue Dark Shadows. Kituo cha ABC cha Marekani kiliionyesha alasiri kuanzia Juni 1966 hadi Aprili 1971, vipindi 1,225. Ilianza na msichana anayekwenda kulea mtoto katika jumba la matajiri huko Maine. Watazamaji walipopungua, Dan Curtis, aliyeibuni, akaingiza mizimu, na mwaka 1967 akamleta mnyonya damu, Barnabas Collins, aliyefungiwa ndani ya jeneza kwa zaidi ya karne moja. Alikusudiwa kukaa muda mfupi tu. Mashabiki walimpenda, akabaki karibu mpaka mwisho.

Kasoro zake zinaonekana waziwazi. Kipindi kilirekodiwa kwa siku moja, na kwa kuwa kukata kanda kulikuwa kazi ya gharama, waigizaji waliendelea hata walipokosea. Maikrofoni inaingia kwenye picha. Kuta za jumba zinatikisika. Jonathan Frid, aliyemwigiza Barnabas, anasahau maneno na macho yake yanatangatanga kuyatafuta. Lakini hatoki katika uhusika. Hofu ya mwigizaji aliyekwama inakuwa hofu ya mfu asiyejua aseme nini mbele ya walio hai. Shabiki anaiona kasoro, na anamwona pia mtu anayepambana nayo. Ndiyo maana kuanzia miaka ya 1980 mashabiki walikuwa na tamasha lao la kukutana na waigizaji hao, miaka mingi baada ya tamthilia kufungwa. Dhihaka haidumu hivyo. Mtu akishacheka vya kutosha huenda zake.

Mwaka 2012 Tim Burton aliitengenezea filamu, Johnny Depp akiwa Barnabas. Safari hii fedha zilikuwepo, na hakuna ukuta uliotikisika. Kwa sehemu kubwa wakaifanya vichekesho. Waliosimama mbele ya kuta za mbao walikuwa wamemwamini Barnabas. Waliopewa jumba zima walimkonyezea jicho mtazamaji.

Wenzangu tunaosoma nao fasihi hawana budi kulijibu hili. Darasani tunamsifu fanani anayeshika mwiko na kusema ni upanga. Tunaandika kurasa nyingi kuhusu hadhira inayoitikia “pakawa” na kukubali kwamba zimwi limeingia chumbani. Tunasema hadhira hiyo inashiriki kuumba sanaa. Jioni tunafungua televisheni, tunamkuta mama mdogo anatetemeka kwa ajili ya jini aliyepakwa poda nyingi, na ghafla yeye ni mjinga. Kwa nini? Mwiko ni uleule.

Anayependa tu kazi isiyo na ufa wowote ajiulize kama anapenda sanaa au bajeti. Mama mdogo ameiona poda kabla yetu. Ameamua kumwogopa jini hivyo hivyo, na uamuzi huo ni wa hadhira inayojua kazi yake.