Geti Linalojifungua Lenyewe Halina Jini

Wasomaji wangu, leo naweka programu kando kidogo niseme juu ya mageti ya umeme. Mwenye geti linalofunguka lenyewe usiku akiita fundi, mara nyingi huambiwa anunue mota mpya. Mimi nasema mota iwe ya mwisho kushukiwa. Mota haina akili, huzunguka ikiamriwa. Swali ni nani ametoa amri.

Tafuta kama tunavyotafuta hitilafu kwenye programu: zima chanzo kimoja kimoja. Toa betri kwenye rimoti zote, hata ile iliyosahaulika kwenye droo na kitufe chake kimekwama. Likifunguka bado, chomoa waya wa swichi ya ukutani. Panya akitafuna plastiki yake, nyaya mbili zikigusana ni sawa na mtu amebonyeza. Fungua pia kisanduku utazame sisimizi (wanapenda sana vifaa vya umeme, sijui nani aliwaambia). Kama geti hujifunga nusu kisha hurudi, hilo ni jambo jingine: pangusa jicho la usalama, huenda buibui ametanda.

Vyote vikiwa sawa, amri inatoka hewani, na hapo ndipo ninapokasirika. Rimoti nyingi za zamani zina swichi ndogo ndogo za kupanga namba, 8 hadi 12. Swichi 8 hutoa namba 256 tu, 12 hutoa 4,096. Jirani mwenye rimoti ya aina ileile na namba ileile hufungua lake na lako! Mwaka 2015 Mmarekani Samy Kamkar alichukua kichezeo cha watoto, akakifanya kijaribu namba zote hizo kwa chini ya sekunde 10. Na sisi tumelala ndani na watoto tukiamini geti limefungwa.

Kwa hiyo kabla ya kununua kipokezi, mwulize fundi kama namba hubadilika kila unapobonyeza. Akisema "zote ni sawa tu", tafuta fundi mwingine. Hizo zinazobadilika nazo zina njia ya kuzungukwa, Kamkar huyohuyo aliionyesha mwaka huohuo, ila si kwa kubahatisha namba. Mara nyingi kipokezi kipya hufungwa bila kugusa mota.

Na kama tayari unacho, futa rimoti zote kwenye kumbukumbu yake, kisha usajili upya zile ulizo nazo mkononi tu. Ile aliyoondoka nayo mpangaji wa zamani huenda bado inafungua.