Mwalimu Asiyetaka Mwanafunzi Wake Ahitimu

Mwaka jana binti yangu aliniambia kwamba amenitafutia mwalimu. Nilicheka. Mimi niliyeshika chaki miaka 38, mingi kati ya hiyo nikiwa mkuu wa shule, nitafutiwe mwalimu wa somo gani? Akanijibu, "Wa mazoezi, baba. Atakuja nyumbani mara tatu kwa wiki. Nitalipa mimi."

Hakuwa na utani. Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimeanguka bafuni. Sikuvunjika, lakini nilikaa sakafuni kama robo saa, kwa kuwa miguu haikuwa na nguvu ya kuniinua na aibu ilinizuia kumwita mjukuu wangu. Ambaye hajafika umri huu hawezi kujua urefu wa robo saa hiyo.

Basi kijana akaja, kifua mbele, bei yake shilingi 250,000 kwa mwezi. Alijitambulisha kuwa ni mkufunzi. Neno hilo lilinichoma kidogo, maana sisi tuliopita vyuo vya ualimu tunamwita mkufunzi yule anayefundisha walimu, wala cheo hicho hakipatikani kwa kuvaa fulana ya kubana. Hata hivyo nilinyamaza. Hakuniuliza habari ya shinikizo la damu, wala dawa ninazomeza, wala goti langu la kulia. Alitoa kamba mfukoni akasema, "Mzee wangu, tuanze kwa kuruka." Nilimpa chai, nikamshukuru, nikamsindikiza hadi barabarani.

Wazee wenzangu barazani walinipongeza. Walisema ni upumbavu mtu mzima kulipia jasho lake mwenyewe. "Sisi tulilima, tulitembea, tulikimbia mchakamchaka. Nani alitutoza senti?" Niliafikiana nao kwa siku mbili. Siku ya tatu nikagundua kwamba kila mmoja wetu pale barazani, anapotaka kuondoka, hushika kiti kwa mikono miwili na kuguna kama anayeng'oa kisiki.

Kwa hiyo nataka kubishana na pande zote mbili.

Kwanza, wazee wenzangu. Si kweli kwamba tulikimbia bila mwalimu. Mchakamchaka ulikuwa na mwalimu wa zamu, na nyimbo zake hazikuwa za kupamba asubuhi tu. Mtoto aliyeacha kuitikia tulijua pumzi imemwishia, tukapunguza mwendo. Leo wataalamu wanafundisha kipimo kinachofanana na hicho: katika zoezi la wastani unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, ukishindwa hata kuzungumza, umevuka. Chuoni, mwaka 1972, tulikuwa na mkufunzi wa elimu ya viungo aliyetufundisha namna ya kuinua mzigo bila kuumiza mgongo. Hatukumlipa kwa mikono yetu kwa sababu alilipwa na kodi za wazazi wetu. Kusema hapakuwa na mwalimu ni kukosa shukrani.

Wala si kweli kwamba kutembea kwenda sokoni kunatosha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Kwa sisi wa miaka 65 na kuendelea limeongeza mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, siku 3 au zaidi, ili tusianguke. Misuli hupungua kadiri umri unavyosonga, lakini hata mzee akiitumikisha hurudisha nguvu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kwenyewe, katika umri wetu, ni jambo la kujifunza upya.

Pili, wenye biashara hii. Mimi siwalaumu kwa kutoza. Mwalimu hula kwa kazi yake. Ninachowalaumu ni kumfanya mwanafunzi awe mteja wa milele. Kila wiki zoezi jipya, ili usipate kulizoea lolote. Kila swali hujibiwa "niachie mimi". Na kazi inayobaki ni kukuhesabia moja hadi kumi. Kuhesabu hadi kumi nimefundisha watoto wa darasa la kwanza. Mwalimu wa kweli hufanya kazi kila siku ili siku moja asihitajike. Shule ambayo hakuna anayehitimu si shule, ni kizuizi.

Najua nitajibiwa kwamba watu wengi, bila mtu wa kuwagongea mlango, hawaamki. Ni kweli. Lakini huyo wanayemhitaji ni mwenzi, si mwalimu, na mwenzi hupatikana kwa jirani bila malipo. Mwenye fedha na anunue mwenzi akipenda, ila ajue anachonunua.

Mimi niliamua hivi. Nilimwambia binti yangu atafute mwingine, kwa mapatano ya masomo 8 tu. Akaja mama mmoja mtaalamu wa viungo. Siku ya kwanza hakunitoa jasho. Aliuliza maswali, akasoma majina ya dawa zangu, akanipima shinikizo la damu, kisha akaniambia niinuke kitini bila kushika popote. Niliweza mara 4. Alinifundisha kutozuia pumzi ninapojikaza, kwa kuwa kufanya hivyo hupandisha shinikizo la damu. Alinifundisha pia kuinuka kutoka sakafuni: geuka ubavu, piga magoti, shika kiti, tanguliza mguu wenye nguvu. Somo la nane aliniachia karatasi moja akasema, "Mwalimu, sasa endelea mwenyewe."

Kwa hiyo anayeniuliza kama aajiri mtu wa kumfundisha mazoezi, namwambia amuulize huyo mtu mambo matatu kabla ya kutoa senti. Je, utaniuliza kwanza habari za mwili wangu? Je, ulijifunza wapi kazi hii? Je, utaniacha lini? Akibabaika katika swali la tatu, mpe chai na umsindikize.

Leo nainuka kitini mara 11. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi wazee wawili wa barazani huja uani kwangu, nami nawafundisha yale niliyofundishwa. Siwatozi kitu. Nimewaambia pia kwamba baada ya miezi mitatu kila mmoja atafute wazee wawili wa kwake.