Kitenzi "Tener" kwa Msemaji wa Kiswahili

Kumfundisha msemaji wa Kiswahili kitenzi cha Kihispania "tener" kwa kupitia Kiingereza ni kumzungusha bure. Kiingereza huieleza njaa kwa kitenzi cha kuwa, na mwanafunzi akikifuata huishia kuandika "soy hambre", yaani yeye mwenyewe ni njaa! Ilhali "tengo hambre" ni "nina njaa", "tengo sed" ni "nina kiu", na "tengo veinte años" ni "nina miaka 20". Maana amekuja nayo darasani. Kilichobaki ni umbo, na hapo ndipo mwalimu atumie kipindi chake: tengo, tienes, tiene, tenemos, tenéis, tienen. Shina hugeuka "tien-" mkazo unapoliangukia. Katika "tenemos" na "tenéis" mkazo umo katika kiishio, nalo halibadiliki. "Tengo", kwa ukaidi wake, likaririwe peke yake.