Saa tatu kamili

Jamani, acheni kurekebisha saa ya seva kwa mkono! Juzi niliitwa kutoka Kawangware hadi duka moja karibu na Moi Avenue. Karani alishukiwa kuuza mali usiku: duka hufungwa saa kumi na mbili jioni, risiti zinasema saa tatu usiku. Tofauti ya saa sita ningekisingizia Kiswahili chetu. Lakini tatu kamili? Hiyo ni tofauti ya Nairobi na UTC.

Saa ya ndani ya mashine, ile yenye betri yake, ilishika saa za Nairobi. Linux ikaisoma kama UTC, ikaongeza tatu. Fundi wao alikuwa akitumia `date`, ambayo hugusa saa ya mfumo peke yake. Stima ikipotea ghafla, kosa linarudi. NTP ingesahihisha, ila faiawoli iliziba UDP 123.

Nilifungua hiyo, nikaielekeza chrony kwa ke.pool.ntp.org, saa ilipokaa sawa nikamaliza na `hwclock --systohc --utc`. Dakika kumi tu.

Mimi nasema logi ya seva isiyo na NTP si ushahidi wa kumshtaki mtu. Karani alikuwa ameshakaa nyumbani wiki mbili, bila mshahara.