Saa Nne Zilizopotea Angani

Tiketi ya ndege inaweza kuvunja nyumba. Usicheke, nusura ivunje yangu.

Mwaka 2019 nilimsindikiza shoga yangu Guangzhou, China, kufuata mzigo wa duka lake. Tuliunganisha ndege Dubai. Kama ilivyo kawaida yetu, nilimwachia mume wangu nakala ya tiketi: kuondoka Dubai saa nne asubuhi, kufika Guangzhou saa tatu na dakika ishirini usiku. Bwana akapiga hesabu zake kimya kimya, akapata masaa kumi na moja na dakika ishirini.

Nilifika hotelini hoi, nikampigia. Nikamwambia migongo imekufa, masaa saba na kitu kwenye kiti si mchezo.

“Saba? Mbona tiketi inasema kumi na moja? Hayo manne ulikuwa wapi, na nani?”

Nikajibu kwa hasira, naye akakata simu. Kesho yake akapiga saa tatu usiku ya Dar. Guangzhou ilikuwa saa nane usiku, mwenzenu nimelala fofofo. Simu haikupokelewa, na kesi ikawa mbili. Tukanuniana siku mbili nzima.

Ukweli wenyewe ni huu. Kutoka Dubai hadi Guangzhou ni kama kilomita 5,800, na ndege huenda kwa masaa saba hadi saba na nusu hivi. Ila tiketi huandika saa ya kila mji. Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa masaa manne, na mbele ya Dar kwa matano. Hayo manne hakuyaiba mtu, ni mishale ya saa tu.

Kilichotupatanisha ni tiketi ya kurudi. Ilisema kuondoka Guangzhou saa sita na nusu usiku, kufika Dubai saa kumi na moja alfajiri. Nikamwambia, “Haya baba, piga hesabu.” Akapata masaa manne na nusu. Kilomita ni zile zile! Akaanza kucheka mwenyewe. Tena safari hiyo ya kurudi ndiyo ndefu zaidi, masaa nane na nusu hivi, kwa sababu huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda unakusukuma, ukirudi unapambana nao.

Nilipofika nyumbani aliniambia jambo moja ambalo sijalisahau. Masaa hayakuwa shida yake. Alikuwa na hofu tu, na hakujua namna nyingine ya kuuliza.

Tangu hapo tuna utaratibu. Kabla ya safari tunakaa mezani na kalamu, tunageuza kila saa ya tiketi kuwa saa ya Dar. Halafu tunapanga muda wa simu. Kwa Guangzhou ni saa kumi na moja jioni ya Dar: yeye anatoka kazini, kwangu ni saa nne usiku, sijalala bado.

Kama mwenzako anasafiri mwezi huu, jaribuni. Na wewe unayebaki, ukiona hesabu haikubali, uliza kwa upole kwanza. Hata mimi ningeulizwa hivyo, nisingefoka.

Tukutane mwezi ujao.