Istilahi Nayo Huhitaji Kutayarishiwa Mahali

Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kuwa asidi ya fosforiki huukwaruza uso wa jino, rezini ya kuzibia ikapata kushika. Leo tatizo ni plastiki iitwayo PEEK, inayoundiwa mihimili ya meno bandia: ni imara na nyepesi, lakini haikubali gundi. Asidi kali ya salfuriki huitia vishimo rezini ikanata, ila ni hatari kwa anayeitumia. Salama zaidi ni kuipiga kwa chembe za alumina, kisha kuipaka gundi maalumu.

Walimu wenzangu, haya yameelezeka kwa Kiswahili. Mbona basi mwanafunzi wetu wa udaktari wa meno ayasome kwa Kiingereza pekee? Istilahi nayo haishiki mahali pasipotayarishwa.