Mnada wa Kodi: Serikali Ichukue Deni, Irejeshe Kilichozidi

Mamlaka ya Serikali kuuza mali ya mdaiwa sugu wa kodi yana mpaka wake. Katika Kaunti ya Hennepin, Jimbo la Minnesota nchini Marekani, kodi ya takriban Dola 2,300 ilipanda kwa riba, adhabu na gharama hadi kufikia Dola 15,000. Makazi ya bibi aliyedaiwa yaliuzwa kwa Dola 40,000, na kaunti ikabaki na fedha zote.

Mei 25, 2023, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu walikubaliana na hoja yake kwamba kuzuia Dola 25,000 zilizozidi ni kutwaa mali bila fidia stahiki.

Funzo ni mawili: mnada hukusanya deni, si faida, na kulipa mapema humwepusha mwananchi na adhabu zinazoizidi kodi yenyewe.